Vumbi la Chai na Jina la Mama

Jumapili, 1 Juni

Tumbo limeshuka. Sista Mwihaki wa kliniki anasema ni wiki hii au ijayo. Miguu imevimba, navaa slipa za Kipkirui. Yeye anavaa zangu. Mume mzuri, hajalalamika.

Leo nimeamua. Mtoto akiwa msichana ataitwa Bosibori, jina la mama yangu. Mama alifariki mwaka jana mwezi wa nane, kabla sijapata habari yoyote nzuri ya kumpa. Kwetu Kisii hili lingekuwa jambo rahisi. Mtu akifa, mtoto anayezaliwa analibeba jina, watu wanakunywa chai, basi. Kaka yangu Ogoti ana wavulana watupu. Jina linanisubiri mimi.

Shida ni kwamba niliolewa kwa Wakipsigis. Hapa mtoto hapewi jina, anaulizwa! Mwanamke mzee wa nyumba anamshika na kutaja wafu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya kwenye jina fulani, huyo ndiye aliyerudi. Akichelewa, ugoro kidogo unapitishwa karibu na pua, kumsaidia kukumbuka.

Mwanamke mzee ni mama mkwe wangu. Huku nyanya anaitwa Kogo, na yeye ameanza kujiita Kogo kabla hata mjukuu hajatoka. Amekuja kutoka Ndanai kumngoja. Ana wafu wengi sana. Wote ni wa upande wake.

Kipkirui anasema nimwombe tu Kogo aongeze jina la mama. Wanaume! Nikimwomba, anaweza kukataa. Akikataa, limekataliwa. Nisipomwomba, bado lipo.

Nitatumia akili.

Jumanne, 3 Juni

Akili imepatikana! Kipkirui anafanya kazi kiwandani, kwenye chumba cha kuchambua majani makavu. Jioni koti lake hurudi limejaa vumbi la chai, lile jepesi kama manyoya. Akilikung'uta mlangoni, hata kuku wanapiga chafya.

Mpango: vumbi kidogo kwenye kopo. Siku ya kuita jina, Kogo akimaliza wafu wake, mimi natamka Bosibori, napuliza. Chafya! Kogo hawezi kubishana na wafu.

Nimelikung'uta koti, nimepata nusu kopo la kakao. Nikaona ni busara kulijaribu kwanza kwa mtu mzima. Nikanusa.

Kosa kubwa.

Nilipiga chafya hadi nikashika meza kwa mikono miwili. Kwenye ile ya mwisho nikasikia maji ya moto miguuni. Maji ya mtoto! Nikapiga mayowe. Kipkirui akaja mbio na beseni, blanketi na, kwa sababu asizozijua hata yeye, jembe. Tukabebwa na gari la jirani hadi kliniki ya hospitali, pale langoni.

Sista Mwihaki akanipima. Kisha akanitazama kwa huruma. Akasema, mama, hayo si maji ya mtoto, huo ni mkojo. Akasema huwapata wengi, mtoto amekalia kibofu, nisione haya. Akauliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nilikuwa nafagia.

Kipkirui alitoka kliniki na jembe begani kama mtu anayetoka shambani.

Kogo alitungoja mlangoni. Alisema chafya ya mama si chafya ya mtoto, nisiwe na haraka. Sijui alikuwa na maana gani.

Alhamisi, 5 Juni

Uchungu wa kweli! Ulinikuta nakunja nepi, saa tatu asubuhi. Wa kweli hauulizi kama ni wa kweli.

Mpango: nifike hospitalini kabla Kogo hajajua. Nikijifungua bila yeye, naita jina hapo hapo wodini, akifika anakuta mambo yamekwisha. Na bahati! Kogo alikuwa kwa jirani akichuma majani chai. Hawezi kukaa bure, anasema mikono inamwasha.

Zack wa bodaboda niliyepanga naye alikuwa na pancha. Zack! Nilimlisha maandazi mwezi mzima. Ikabidi nipande lori la kiwanda linalokusanya majani mabichi. Dereva akaniweka mbele. Nikamwambia aende moja kwa moja, asisimame popote, asichukue mtu yeyote, hasa mwanamke mzee. Akasema sawa, mama.

Tukafika. Akazunguka nyuma kunishushia begi. Juu ya majani mabichi ameketi Kogo, kuku wa supu yangu kwapani, majani kwenye kitambaa cha kichwa. Alikuwa ameleta kikapu chake kwenye kituo cha kupimia majani, akaniona napandishwa. Akasema huko juu ni laini kuliko kitanda, na lazima mtoto wa pili nije nimzalie huko.

Askari wa lango akamwambia kuku haruhusiwi. Kogo hakusikia. Ukweli kuhusu masikio ya Kogo: ukimwomba akupishe jikoni, ni kiziwi. Mfuniko wa sufuria ukiguswa nyumba ya tatu, anajua ni nyama na ni ya mbuzi.

Ile korido ndefu ya kwenda wodini. Mara ya mwisho niliipita nikitoka, siku mama alipofariki hapa, nimebeba slipa zake kwenye mfuko wa karatasi. Leo nimeipita nikiingia. Nilisimama kidogo. Kogo akanishika kiwiko. Hakuuliza kwa nini nimesimama.

Njia ya mtoto bado ndogo, wakanipa kitanda cha kungojea. Cha dirishani kimeshikwa na Gathoni, muuza viazi wa Londiani, mtoto wa tatu, mjuzi wa kila kitu. Ninakitaka! Mtoto mchanga akipigwa na jua usoni hupiga chafya. Vumbi ni mpango wa kwanza, jua ni wa pili.

Nikamwambia Gathoni dirisha lina upepo mbaya. Akasema upepo ni mzuri kwa wagonjwa wanaonuka moshi wa kuni. Nikampa chapati mbili. Akazila, akashukuru, akageukia dirisha. Nikamwambia nimeona panya chini ya kitanda chake. Akasema panya wa stoo ya viazi ni wakubwa kama paka na anawajua kwa sura.

Nikamuuliza mtoto wake ataitwa nani. Akashangaa swali. Kwao majina yana foleni: msichana wa kwanza ni mama wa mume, wa pili ni mama wa mke. Huyu akiwa msichana ni wa pili. Kwisha! Hakuna chafya, hakuna kuku. Nilimwonea wivu hadi uchungu ukatulia.

Haukutulia sana.

Ijumaa, 6 Juni

Amezaliwa! Msichana!

Siwezi kukaa, naandika nimelala ubavu. Sista Mwihaki alisema sukuma. Kisha akasema usisukume. Mtu anataka nini? Nilimwambia nimebadilisha mawazo, ningependa kurudi nyumbani. Akasema wengi husema hivyo, mlango ni ule, lakini mtoto ameshachungulia na atanitafuta.

Kisha sikumbuki vizuri. Kisha kilio, chake na changu, sijui nani alianza.

Walimweka kifuani. Alikuwa na joto kama sweta. Asubuhi za baridi mama alikuwa anapasha sweta yangu ya shule juu ya mfuniko wa sufuria ya uji, ananivisha haraka joto lisitoroke. Nilikuwa nimesahau kabisa. Zaidi ya miaka ishirini!

Nimeshonwa. Kukaa ni kazi, kucheka ni hatari. Kupiga chafya nimejikataza mwenyewe.

Gathoni amepata mvulana. Foleni yake imeruka mtu. Nilitaka kufurahi kidogo, lakini alikuja polepole, ameshika tumbo, akaniletea viazi vya kuchemsha. Sikuweza kufurahi. Nilikula viazi.

Jumamosi, 7 Juni

Gathoni ameruhusiwa kwenda. Kitanda cha dirishani ni changu! Nimehamia na mtoto, nimemwelekeza uso kwenye kioo, nimengoja jua.

Mvua. Asubuhi, mchana, jioni. Mvua ya Kericho yote ilikuwa kwenye dirisha langu. Na uji unagawiwa kuanzia mlangoni, ukifika huku umepoa na umekwisha sukari.

Sista Mwihaki alikuja kunipima presha, akauliza Bosibori ni nani. Nikaruka. Akasema jana nilimwita tangu asubuhi hadi mtoto akatoka. Nilitaka aje anishike mkono. Hata nilimfokea sista asogee, Bosibori apate pa kukaa. Sikumbuki hata kidogo! Nikamwambia ni mama yangu. Sista akaacha mashine yake, akanishika mkono yeye, kidogo tu, kisha akasema presha ni nzuri.

Halafu nikashtuka. Kogo! Alikuwa kwenye nyasi chini ya dirisha la leba siku nzima, anafanya mazoezi ya majina, hadi sista akamuuliza kama anaita orodha ya wanafunzi. Lakini nimetulia. Masikio yake ni mazito. Siri iko salama.

Msiba wa jioni. Nilikwenda kuoga kwa maji ya chumvi. Kurudi, wodi nzima inakunywa chai. Kogo alipata kopo la kakao ndani ya begi, akaomba maji moto, akamimina vumbi lote kwenye thamosi. Akina mama wanasifu. Sista alirudia kikombe. Kogo akaniuliza kwa nini chai nzuri hivyo nimeificha kati ya nepi.

Nikasema nilisahau. Nikapewa yangu. Ina ladha ya koti.

Jumatatu, 9 Juni

Nyumbani tangu jana. Leo ndiyo siku ya kuita jina.

Mpango wa mwisho: koti lenyewe. Nilimwambia Kipkirui atoke kiwandani moja kwa moja, na koti lake, asinawe, aketi karibu na mtoto. Nilimwambia mara tatu. Alikuja ameoga kwa jirani, amevaa suti ya harusi, amepaka mafuta hadi masikio. Anasema ni heshima kwa wafu. Alinukia kama kinyozi.

Vumbi hakuna. Jua hakuna, mvua bado.

Kogo akaketi na mtoto mapajani, shangazi wawili wa Kipkirui pembeni kama mashahidi. Akaanza. Akamwita Taprandich. Mtoto amelala. Akamwita Tapsabei. Amelala. Akamwita Taplelei, yule aliyemfukuza chui kwa mwiko. Mtoto akapiga miayo! Shangazi mmoja akasema miayo ni nusu ya chafya. Mwingine akasema nusu ya mtu hairudi. Wakabishana. Kogo akaendelea, akarudi kwa mama wa nyanya yake, akarudi nyuma zaidi, kwa watu ambao nadhani hata wafu wamewasahau.

Mimi nilikuwa kwenye kiti, juu ya mto. Jina lilikuwa kooni. Ningelisema tu, lingetoka. Sikuweza. Nilitazama kidevu cha mtoto, kile kidogo chenye shimo, ambacho hakuna Taprandich yeyote aliyekileta.

Wafu wakaisha. Kogo akatia mkono kwenye mfuko wa gauni, akapekua kidogo. Kisha akaupangusa mdomo wa mtoto kwa kidole gumba, chini ya pua, polepole. Akasema, Bosibori.

Chafya! Ndogo, kama ya paka. Halafu ya pili, kwa wasiosikia ya kwanza.

Kogo akasema haya, mgeni amefika, leteni maziwa. Shangazi mmoja akauliza Bosibori ni wa nyumba gani. Kogo akamjibu ni wa nyumba hii, si umemsikia? Nikalia mbele ya watu, na nyuzi zangu zote.

Baadaye nilimuuliza Kogo alilijuaje jina hilo. Alisema hasikii.

Nimeshinda! Nimelala nikifikiria ilivyokuwa, na sasa naelewa. Nguo za mtoto zilikaa begi moja na kopo. Lazima vumbi lilibaki kwenye shuka. Yaani mpango wangu ulifanya kazi, ulichelewa tu. Na Kipkirui alisema nimwombe!

Jambo moja dogo. Kidole gumba cha Kogo kilikuwa cheusi kwa ugoro. Siku moja nitamwambia, kwa upole, anawe mikono kabla ya kushika mtoto.

Jumatano, 11 Juni

Kogo anasema kesho anarudi Ndanai. Ng'ombe wake, mahindi yake, na sisi tuko sawa, hatumhitaji.

Sitaki aende. Anapomwogesha mtoto anaongea naye kama mtu mzima. Bosibori, geuka. Bosibori, hasira za nini? Bosibori, maji haya yamekukosea nini? Nyumba nzima ina jina hilo kuanzia asubuhi. Jana nilikaa jikoni nimezima jiko, ili nisikie vizuri.

Kipkirui anasema nimwambie tu kwamba nataka abaki. Huyu mtu hajifunzi! Na akikataa?

Nimetumia akili. Njia ya kwao Ndanai ni matope matupu, na Kogo ana gambuti, buti za mpira, jozi moja tu. Nilingoja aende kuanika nepi. Nikachukua ya kushoto. Nikapiga magoti, kwa taabu, nikaisukuma chini ya kitanda changu, mbali kabisa, ukutani.

Mkono ukagusa kitu. Nikakivuta.

Gambuti ya kulia! Imefungwa vizuri ndani ya leso ya Kogo mwenyewe.

Nimefikiri sana. Ni mbwa wa jirani, hakuna mwingine. Nimezirudisha zote mbili ndani kabisa, nimezifunika kwa ile leso, na kesho nitamwonya Kogo awe mwangalifu na vitu vyake.