Kadi za Ng'ombe

Jumatatu, 2 Juni 1975

Leo nimepewa kazi ya jeshi. Mimi, Odoch, si Aloyo wa meza ya pili. Kompyuta ichapishe majina ya familia zote za kambini, wapate sukari ya mgao. Kapteni Kamis anayataka Ijumaa. Aloyo akasema programu kama hiyo ni kazi ya wiki nzima. Nikacheka kimoyomoyo. Kabatini zipo kadi za matundu, zile kompyuta inazosoma, za programu yangu ya mwaka jana, ya kuhesabu ng'ombe wa serikali. Kiumbe ni kiumbe. Kwa nini niandike upya?

Jumanne, 3 Juni

Nimemaliza kabla ya chai. Nimebadilisha kadi moja tu: "Ng'ombe" sasa ni "Mkazi". Aloyo naye hutumia kadi za zamani, lakini kwa vipande vidogo vya programu, na kila kipande hukijaribu upya. Akanishauri nijaribu yangu kwa majina machache. Wivu. Mkuu wetu, Bwana Tarcisio, amenisifu mbele ya ofisi nzima. Nimetembea hadi nyumbani, mtaa wa Wandegeya, kidevu juu.

Ijumaa, 6 Juni

Kapteni amekuja mwenyewe, na bastola kiunoni. Akasoma orodha kwa sauti. Mkewe: jike, maziwa lita saba. Mama mkwe wake: jike mzee, achinjwe. Hapo akatabasamu kidogo. Kisha akafikia jina lake: dume mkali, ahasiwe.

Akauliza, "Nani ameandika hii?"

Nikaeleza kwamba mashine ina mawazo yake. Bwana Tarcisio akatazama dari.

"Afande, tupe hadi Jumatatu," Aloyo akasema.

Kapteni akakubali. Kukiwa na kosa tena, akasema, sote tutapanda gari lake. Hakusema linakwenda wapi.

Jumatatu, 9 Juni

Imepita salama. Aloyo aliunganisha vipande vyake vya zamani, akavijaribu mpaka macho yakawa mekundu. Mimi nilimbebea kadi. Kapteni amesoma kurasa zote, akaondoka ameridhika.

Basi nilikuwa sahihi tangu mwanzo: kutumia tena kazi ya zamani huleta haraka na ubora. Wazo ni langu, Aloyo amelitekeleza tu. Nimemwahidi kwamba nikisifiwa nitamtaja.

Sasa hospitali moja inataka programu ya wagonjwa. Nimejitolea. Nimeshachomoa kadi za programu ya mabehewa ya bandari ya Port Bell. "Behewa" sasa ni "Mgonjwa". Safu ya mwisho, "Lipakiwe melini", nimeiacha. Haina madhara.