Katembo na Nota ya Nane

Jumamosi, siku ya soko, saa tatu kasoro robo asubuhi, duka la Katembo pale Nyabiondo lilikuwa limefungwa kwa kufuli mbili. Tueni vikapu vyenu vya maharagwe, enyi wapita njia, nanyi wenye pikipiki zimeni mashine, msikie sababu. Maana katika miaka tisa, tangu ashushe gunia lake la kwanza la chumvi kutoka Butembo, Katembo Mshinda-Matope, Mwondoa-Lori-Shimoni, hakupata kufunga duka siku ya soko, hata siku aliyozaliwa binti yake Kasoki, wala ile aliyong'olewa jino.

Alikuwa anakwenda vitani. Silaha yake ilikuwa fidla.

Vita vililetwa na sheria ya Mama Estelle, mwalimu wa muziki wa watoto katika ukumbi wa parokia, mwanamke asiyepandisha sauti wala asiyeshusha sharti. Kwake mtoto hakuanza kwa kusoma. Alianza kwa kusikia wimbo mmoja kila siku, hadi umkae kichwani kama maneno ya mama yake. Na mzazi aliupiga kwanza yeye mwenyewe, kwa fidla kubwa ya mwalimu, nota zote kumi na mbili pasipo kukatika, ndipo mtoto akabidhiwe fidla. Fidla ndogo, ya kumfaa mtoto wa miaka minne kama Kasoki, ilikuwa moja tu.

Kwa hiyo Katembo alikuwa ameurekodi wimbo huo kwa simu, Jumapili ya mavuno, Mama Estelle akiupiga mlangoni pa kanisa. Naye akaufungulia kwenye spika ya dukani, asubuhi hadi jioni, wiki sita, hata wanunuzi wakawa wanapimiwa chumvi kwa mwendo wake. Wiki hizo sita Kasoki alikuwa ameegemeza begani katoni tupu ya sabuni, akiikwangua kwa kijiti cha fagio, asilalamike. Kutolalamika huko ndiko kulikomchoma baba yake.

Maana alikuwa ameshindwa Jumamosi mbili, mkewe akibaki dukani. Mara zote mbili alifika nota ya saba kama jeshi lililofika mtoni, akasimama, upinde wa fidla hewani, akingoja kitu asichokijua, kisipokuja, akapotea. Leo ilikuwa mara ya tatu, na ya mwisho kuruhusiwa. Akianguka, zamu ya fidla ingekwenda kwa Élysée, mwana wa Munyakazi, mkulima wa mlima wa pili, ambaye tayari alikuwa ameketi benchi la mbele, jembe katikati ya magoti.

"Papa Katembo, piga mbio," akasema Munyakazi. "Maharagwe yangu inaningoja, na yenyewe haipendi muziki."

Katembo akajinyoosha, akahutubia ukumbi wenye watu sita. "Kaka Munyakazi, miye niliondoa camion mu matope siku tatu, na hii mikono. Kamba ine hizi za fidla zitanifanya nini?"

"Ile camion, ulisukuma na batu makumi mbili. Hapa uko peke yako."

"Papa Kasoki, legeza bega," akasema Blandine, mkewe. "Haubebe gunia."

Basi Mwondoa-Lori-Shimoni akainua upinde usio na mshale. Nota ya kwanza ikalia kama bawaba. Ya pili ikajuta. Ya tatu, ya nne na ya tano zikapita zikiwa zimeshikana mikono. Jasho likamshuka mgongoni kama mto unaotafuta bonde. Ya sita. Ya saba. Upinde ukasimama. Munyakazi akashika mpini wa jembe, tayari kuinuka.

Ndipo kutoka benchi la nyuma, kwa sauti safi na kwa wakati wake kamili, Kasoki akalia, "Meee."

Mkono wa Katembo ukashuka wenyewe. Ya nane, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili.

"Haikubaliki," akasema Munyakazi. "Mbuzi haiko mu wimbo."

"Iko," akasema Kasoki.

Mama Estelle akanyoosha mkono, akapewa simu ya Katembo, akasikiliza mara mbili. Jumapili ya mavuno mbuzi wa matoleo hufungwa mlangoni pa kanisa. Na mmoja wao, baada ya nota ya saba, alikuwa ametoa neno lake la mwisho kabla ya kukabidhiwa kwa Mungu na kwa sufuria ya paroko.

"Nilisema mutoto asikie," akasema Mama Estelle. "Amesikia yote. Na baba alisimama kwa sababu hata yeye alisikia. Wimbo haikukatika. Mbuzi alichelewa, mutoto akamusaidia."

"Miye nilijua iko kitu pale," akasema Katembo.

"Haukujua kitu," akasema Blandine.

Na iandikwe kwa vizazi, kama ilivyoandikwa kwa kalamu ya buluu katika daftari la parokia: *Katembo, nota kumi na mbili.* Mama Estelle, asiyeandika uongo, akaongeza: *Mbuzi, moja.*

Saa tatu na dakika ishirini na mbili Kasoki aliweka chini katoni ya sabuni, akapokea fidla kwa mikono miwili. Munyakazi akaiokota ile katoni, akaigeuza huku na huku, akampa Élysée.

"Na kijiti?" akauliza Munyakazi.

Kasoki akampa.