Mufilisi Mwenye Farasi

Jumatatu, 3 Juni 2024. Shymkent.
Leo nimeanza kufilisika rasmi. Na kwa heshima! Benki tatu zinanidai, yote kwa sababu ya lile gari refu jeupe la kukodishia maharusi. Lilibeba bibi harusi mmoja tu, likamzimikia katikati ya barabara. Mkopo wa pili nilichukua kulipa wa kwanza, wa tatu kulipa wa pili. Mpango ulikuwa safi. Benki ndizo zilizokosa subira.

Mahakama imenipa msimamizi wa mufilisi, Bi Zaure. Mfupi, miwani mizito, viatu vya kutembelea. Nikamuuliza yote. Je, nitafungwa? Akasema deni si wizi. Cherehani ya mke wangu Kamshat itachukuliwa? Hapana, ndiyo kazi inayotulisha. Majirani watajua? Jina litatangazwa, ila majirani zangu tayari wanajua. Na mtu akificha mali? Hapo akavua miwani. Akasema basi hafutiwi hata tenge moja ya deni, atazeeka na madeni yake. Hakupepesa macho. Nimempenda sana huyu mama!

Jioni nikatia saini fomu alizojaza Kamshat. Kurasa kumi na moja. Sikusoma. Mtu wa mipango mikubwa hasomi fomu.

Jumatano, 5 Juni.
Mpango! Farasi wangu jike, yule wa maziwa. Niwape benki? Thubutu! Nimempeleka kijijini kwa shemeji Sapargali, mdogo wake Kamshat. Kilomita thelathini kwa miguu, kwa kuwa kukodi lori kungeacha ushahidi. Malengelenge miguu yote miwili. Nikamwapisha Sapargali kwa mkate, kiapo kizito kwetu: akiulizwa, farasi ni wake. Akasema, "Shemeji, hapa umefika. Hata wanifunge kamba, sisemi."

Kamshat akauliza nilikuwa wapi. Nikasema mazoezi. Akacheka muda mrefu mno.

Jumamosi, 8 Juni.
Balaa! Bi Zaure kasema anakwenda kijijini kukagua. Nikajipakia garini mwake ili nimchunge. Yeye kwa mdaiwa haonji hata chai, ndiyo kanuni yake. Hilo likanipa moyo: hataketi, hataongea, ataondoka.

Nilimsahau Sapargali. Mgeni avuke kizingiti chake kisha aondoke mdomo mkavu? Afadhali afe yeye! Akaleta bakuli la kumisi, maziwa ya farasi yaliyochacha vizuri, povu juu. Bi Zaure akakataa. Akamsogezea. Akakataa tena. Sapargali roho ikamuuma, akadhani maziwa yanadharauliwa. Akapaza sauti: "Mama, onja tu, nakusihi! Haya si ya farasi wangu, wangu ni wa hovyo. Haya ni ya farasi wa shemeji huyu hapa, wilaya nzima hakuna kama yeye!"

Mimi nikatazama dari. Sapargali akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa mgeni bado hajanywa, akaleta na siagi.

Bi Zaure akaandika. Mwandiko umenyooka. Ananiangamiza, nami namstahi.

Jumapili, 9 Juni.
Nimekwisha. Madeni yote yatabaki palepale, na Kamshat atashona mapazia ya watu mpaka macho yafe, kwa ajili ya gari langu mimi. Nimelia jikoni, sioni haya kuandika. Nikamwambia kila kitu.

Hakuacha kukata kitambaa. Akasema, "Orynbek wee, ungekuwa unasoma unachotia saini, miguu yako ingekuwa mizima." Ukurasa wa nne, mstari wa pili: farasi jike mmoja, wa hudhurungi, miaka sita. Aliandika tangu Jumatatu! Na nilipotokomea naye, akampigia simu Bi Zaure kuwa farasi yuko kwa mdogo wake, malishoni, aende amwone. Mimi nilikuwa naficha kitu kilichokwisha kuandikwa kwa saini yangu mwenyewe.

Kamshat ni kiboko. Miaka kumi na tisa nimelala kando ya akili kama hii bila kujua.

Alhamisi, 14 Novemba.
Mahakamani. Farasi ameuzwa, gari limeuzwa kama chuma chakavu, benki zimegawana. Yaliyobaki yamefutwa! Jaji akaonya: kwa miaka mitano, marufuku mkopo kwa jina langu. Bi Zaure akanipa mkono, akasema nimshukuru mke wangu. Nikamshukuru mbele za watu, kwa sauti. Kamshat akageukia ukutani akifuta macho.

Ijumaa, 15 Novemba.
Furaha kama hii haipiti kimyakimya, watu watatuita mabahili. Lazima karamu! Ukumbi mkubwa, wageni mia mbili, waimbaji, nyama tele. Kamshat na Bi Zaure watavishwa majoho ya heshima mbele ya umati, na wanastahili, Wallahi! Gharama si tatizo. Jaji alisema kwa jina langu mimi, na jina la Sapargali halina doa. Asubuhi nimempeleka benki. Watu wakarimu sana! Wamempa mara mbili ya tulichoomba. Ikabidi tuwaalike na wao.