Mawimbi ya Mzee Adolfu

Kijiweni kwa bodaboda, Sumbawanga mjini, Shedrack alisikia kwamba wataalamu wamekuja kusaka mawimbi yanayoingilia mawasiliano ya ndege. Mtu mwingine angewaonea huruma marubani. Yeye alikwenda kutafuta antena ya televisheni.

Aliifunga kwenye mpini wa jembe, akaiunganisha na boksi lenye alamu ya pikipiki. Rimoti ikakaa mfukoni. Kesho yake, amevaa tai na kitambulisho alichojichapishia, akaingia kwa Adolfu, mnunuzi mkubwa wa mahindi.

"Shikamoo mzee. Tunapima mawimbi haramu."

Akabonyeza. Boksi likapiga kelele. Adolfu hakutetemeka, alifunga mlango.

"Marahaba. Hicho kinaweza kulia kwa Bertilla?" Bertilla alikuwa mshindani wake, ghala la pili kutoka hapo.

"Kinalia popote penye kosa, mzee."

"Kosa lipo. Akifungiwa, pikipiki yangu nyekundu ni yako."

Kwa Bertilla alimkuta mwenyewe akimpimia maharage mama mmoja wa kitenge na makubazi. Shedrack akazungusha antena kwa heshima zote za serikali, akabonyeza. Mama yule akaweka maharage chini, akatoa kifaa mkobani.

"Rudia, kaka."

Kwa hofu kidole kikabonyeza chenyewe. Mama akamzunguka na kiantena chake, kushoto, kulia, hadi kikaelekea mfuko wa suruali.

"Naitwa Jane. Mawimbi nasaka mimi. Nani kakutuma?"

Shedrack alitaja jina kabla hajaulizwa mara ya pili. Jane akacheka. Siku tatu vipimo vyake vilionyesha mawimbi yanatoka kwa Adolfu, na siku tatu getini aliambiwa mwenyewe kasafiri.

"Wewe anakufungulia?"

"Mimi ananingoja, dada."

Saa kumi Adolfu alifungua geti mwenyewe. "Kafungiwa?"

"Tayari, mzee. Huyu bosi wangu apande paani tu, ahakikishe mawimbi ya Bertilla hayajakufikia."

Kwa furaha Adolfu akampa Shedrack ufunguo wa pikipiki, kisha akashika ngazi kwa mikono miwili.

Juu, Jane alikuta kifaa cha kuongeza mtandao wa simu, kimefichwa chini ya turubai. Akachomoa waya. Kelele kwenye kipimo chake zikazimika.

"Mzee, ndege zilikuwa zinakusikia wewe."

Nje ya geti pikipiki iliwaka, ikashika barabara ya Mpui. Adolfu aliisikia vizuri sana, lakini hakuweza kuiachia ngazi. Ofisa wa serikali alikuwa ameanza kushuka.