Ombi la Kurudishiwa Mashauri Niliyowapa Wafinalisti

Kasha, Bukavu, tarehe 4 Septemba 1989

Kwa Citoyen Préfet, mkuu wa shule yetu

Citoyen Préfet,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, maana mimi naiandika nimesimama. Kiti changu cha mikono kiko nje, kimekaliwa na mtu, na sababu ya mtu huyo kukikalia ni mimi mwenyewe, kama utakavyoona hapa chini.

Unanifahamu. Mimi ni yule karani wa ghala la majani ya chai ambaye kwa miaka tisa mfululizo umemwita kuwapa wafinalisti, wale wa darasa la mwisho, mashauri ya maisha, siku ya kufunga mwaka wa shule. Kila mara unanisimamisha mbele na kusema kwamba nilisoma hapa na nikatoka hapa na diploma yangu. Nakohoa kidogo, natoa karatasi mfukoni, nazungumza dakika arobaini. Watoto wanapiga makofi, wazazi wanapiga makofi, tunakunywa, kila mtu anarudi kwake. Kwa miaka minane hakuna aliyefuata hata shauri moja, na tuliishi kwa amani.

Mwaka huu wamefuata. Naleta malalamiko yangu kwa mpangilio. Nimetumia majina ya ubatizo tunayoitana nyumbani; yale ya karatasi unayo katika madaftari yako.

1. Niliwaambia wasidharau kazi ndogo. Nililisema hilo kwa sauti nzito, macho yakiwa juu, kwa sababu ni neno linalowapendeza wazazi, na kila mzazi hudhani anaambiwa mtoto wa mwenzake. Sasa Pascal, mtoto wa jirani yangu Maman Emérence, ambaye mama yake alimshonea koti jeupe la udaktari tangu akiwa darasa la tano, anatengeneza viatu mbele ya nyumba yangu. Amepata asilimia sitini na mbili katika mtihani wa taifa, na anatengeneza viatu! Aliniomba kiti changu kwa siku moja, akaongeza kwamba mimi ndiye niliyemfungua macho. Ningemnyima vipi? Maman Emérence akipita anamsalimia mke wangu, anasalimia mbuzi wetu, mimi ananiruka. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana ana mkono mzuri. Viatu nilivyovaa amevishona yeye, na havijawahi kunikaa vizuri hivi.

2. Niliwaambia waulize maswali, na kwamba mkubwa anayekasirikia swali huenda hana jibu. Jumamosi iliyofuata, kwenye salongo, ile kazi ya mikono ya quartier, yaani mtaa mzima, walimuuliza chef wa quartier kwa nini juma hili tunachimba mtaro na juma linalofuata tunaufukia uleule. Chef akataka kujua nani amewafundisha. Wakamtajia, kwa heshima kabisa, jina langu lote, na nyumba, na saa ninazopatikana. Tangu siku hiyo mimi ndiye wa kwanza kuitwa. Nachimba, Citoyen Préfet, mimi mwenye mgongo wa karani, na nikiwa mle mtaroni nimepata nafasi ya kulifikiria lile swali. Ni swali zuri. Sijapata jibu.

3. Niliwaambia mtu asijipambe kwa vitu vya kuazima. Hapa wa kulaumiwa simwoni, nikimtafuta najikuta mwenyewe. Abacost, ile suti isiyo na tai, niliyovaa siku ile ilikuwa ya shemeji yangu Constantin wa Kavumu, naye alikuwa amekaa safu ya tatu. Mikono ya abacost hiyo inaishia karibu na kiwiko changu, ndiyo maana nilizungumza mikono ikiwa nyuma, watu wakasema nina adabu ya kizee. Kesho yake asubuhi Constantin alikuwa mlangoni. Akaniambia lile neno langu limemwingia sana. Akaikunja abacost yake, akaiweka kwapani, akaomba na mkanda.

4. Hapa naomba uvumilivu wako. Niliwaambia waseme ukweli hata kama uani pamejaa watu. Unajua kwamba binti yangu mkubwa, Delphine, alikuwa mmoja wa wafinalisti wale. Siku radio iliposoma majina ya waliofaulu Examen d'État, mtihani wa taifa, tulikuwa wote nje: mke wangu Marcelline, majirani, na mama yangu mzazi, Maman Agnès, ameshika kopo la poda, kifuniko kimeshatoka. Aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani apite mtaani mweupe, watu waimbe. Hilo huhitaji kuelezwa. Lakini mama yangu hajui kungoja. Radio ilipotaja jina la shule tu, alimwaga kopo zima. Vigelegele vikaanza, ngoma ya debe ikaanza, na katika makelele yale orodha yetu ikasomwa mpaka ikaisha.

Delphine alikuwa ameweka sikio kwenye radio. Akasimama, mweupe mpaka kwenye kope, akanyoosha mkono hadi watu wakanyamaza.

"Musicheze," akasema. "Jina yangu haikutoka. Nimeanguka."

Kisha akaenda kwenye ndoo, akanawa mbele ya wote, bila haraka. Majirani wakatazama chini. Mama yangu akalia. Na mimi, mwenye mashauri, nilishindwa hata kumpelekea kitambaa cha kujifutia. Citoyen Préfet, nilimwonea wivu mtoto wangu aliyeanguka. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu.

5. Niliwaambia wakianza jambo walifuate mpaka mwisho. Siku chache baadaye Delphine aliniomba diploma yangu. Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuitundika juu ya meza yake impe nguvu ya kurudia mwaka. Nikasema imo sandukuni. Akafungua sanduku. Nikasema si sanduku hilo, ni lile lililobaki kwa shangazi yangu Colombe, Bunyakiri. Bunyakiri niliichagua kwa makusudi, kwa sababu ya hali ya njia. Nilidhani mtu yeyote akikumbuka njia ile atasamehe karatasi. Mtoto akapanda lori. Alirudi siku ya nne na matope mpaka magotini, na salamu za shangazi, na sufuria niliyoisahau huko mwaka 1975.

"Papa," akasema, "shangazi anasema hii sufuria ndiyo kitu yako yote ilikuwa kwake."

Akaiweka mezani, akakaa, akanitazama.  Angeuliza kitu, ningepata la kudanganya.

Basi, kwa kuwa yeye ameshaambiwa, nawe uambiwe. Mwaka 1970, nchi ikiitwa bado Kongo, nilikuwa nimekaa uani palepale na mama yuleyule. Poda haikuwepo, alishika bakuli la unga wa muhogo. Radio ilipotaja shule, akamwaga. Muda huohuo mabuye ya radio, yaani betri, yakaisha nguvu, ikanyamaza, na hakuna aliyejali, watu walikuwa tayari wanacheza. Kesho yake nilikwenda peke yangu kusoma orodha ukutani. Niliisoma mara tatu, mara ya tatu nikitoka chini kwenda juu. Jina langu halikuwepo. Nilirudi mbio kueleza. Nikamkuta mama ameshachinja sungura wawili, na bwana wa ghala la chai, jirani yetu, amekuja kunipongeza na kunipa kazi. Ningefanya nini? Nilikula sungura. Na kazi nikaishika hadi leo. Hakuna aliyewahi kuniomba karatasi, maana waliniona mweupe kwa macho yao. Wewe ulifika miaka mingi baadaye, ukaniamini kama walivyoniamini wote, na kwa hilo nakuomba radhi kwa moyo wote.

Sasa ombi langu. Naomba utangaze katika shule kwamba mashauri ya siku ya kufunga mwaka ni ya kupigiwa makofi, si ya kufuatwa, na atakayekutwa anayafuata aitwe ofisini na mzazi wake. Yangu matano naomba nirudishiwe kabla masomo hayajaanza, katika hali niliyoyatoa, yaani yakiwa mapya, hayajatumiwa na mtu, hasa na mimi. Na mwaka ujao umwite msemaji asiyekaa Kasha, au asiyezaa.

Nikiwa bado wima, naishia hapa. Unisalimie Maman wa nyumbani kwako, walimu wote pamoja na yule wa hesabu, ambaye tangu zamani alikuwa akinitazama kwa namna fulani wakati wa hotuba, sekretari wako Françoise, na muzee Grégoire wa getini. Wafinalisti wakipita ofisini kuchukua karatasi zao, wasalimie pia, ila usiwaambie nilipo.

Wako mwenye heshima na wasiwasi,

Firmin, kwenye karatasi Cirhuza,
karani wa ghala

Tena: Nilimpa Delphine barua hii anisahihishie makosa. Ameisoma yote, amesema malalamiko ni ya kweli, ila ombi ndilo kosa. Kwa hiyo tafadhali usinirudishie kitu. Ndani ya bahasha utakuta fomu mbili. Moja ni yake, ya kurudia mwaka. Nyingine ni yangu, ya kufanya Examen d'État kama autodidacte, pamoja na watu wazima wasiokaa darasani. Zote mbili amezijaza yeye, mimi nilitia sahihi tu. Siku nilipomweleza habari za mwaka 1970 hakucheka. Alisogeza daftari lake upande akasema, "Basi tutasoma wote, Papa. Meza iko moja." Hesabu ananifundisha Pascal, kila jioni, mbele ya nyumba, yeye anakaa kwenye kiti, mimi nakaa chini. Mwenye ghala nimemwambia pia. Amesema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Mama yangu nilimwambia wa mwisho, kwa woga. Hakuacha hata kuchambua sombe yake, yale majani ya muhogo. Akasema, "Nilijua siku ileile, nilipoona sura yako mulangoni. Lakini sungura zilikuwa zimekwisha kufa."

Ameapa kwamba safari hii kopo halifunguki mpaka asikie majina mawili. Mimi simwamini. Lakini radio nimeshaitilia mabuye mapya.