Jina Tu Ndilo Langu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo kwa miaka hamsini na minne: wasifu ulionipatia kazi yangu ya kwanza haukuwa wangu. Jina tu ndilo lililokuwa langu. Daktari anasema moyo umechoka, kwa hiyo nitaandika yote. Si leo. Leo nina shughuli.

Mjukuu wangu Sekela, mwaka wa pili chuoni, anaandika wasifu wake wa kwanza. Anaomba fildi, mafunzo ya vitendo, katika zahanati moja ya Bunju. Mwisho Ijumaa, akikosa, anarudia mwaka. Ana mistari minne. Jina, shule, shule, simu. Masikini! Nimemwambia atulie, babu yupo.

Jumanne, 4 Machi

Gervas kaja kunijulia hali, bila kuitwa. Tulisoma darasa moja. Mimi nilistaafu karani mkuu. Yeye bado anaranda mbao Chang'ombe. Sekela akamwonyesha mistari yake. Seremala kawa mshauri wa ajira! Akamuuliza nani hunipa dawa, nani hunipima presha na kuiandika daftarini, nani hunipeleka kliniki Mwananyamala. Sekela akasema ni yeye, mwaka wa pili huu.

"Basi andika hilo," akasema Gervas. "Benedikto, mtoto ana uzoefu tayari. Uzoefu wenyewe ni wewe."

Nimekuwa uzoefu. Uji wa jioni nimeunywa kwa hasira.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Nimejikongoja hadi steshenari kwa Apolonia. Nimepumzika njiani mara sita. Tumemchapa Sekela upya: kiranja mkuu, nahodha wa netiboli, mwenyekiti wa mdahalo. Mimi na presha yangu tumefutwa. Apolonia akauliza kama ni Sekela huyu huyu mpole. Nikamwambia yeye achape tu. Nyumbani nikatoa kwenye bahasha ya Sekela karatasi aliyoiandika kwa ushauri wa Gervas, nikatia yangu. Mkono bado mwepesi.

Jumamosi, 8 Machi

Jana Sekela alipeleka bahasha. Mganga wa zahanati akaisoma palepale, akataka kujua timu yake ya netiboli ilifika wapi. Mtoto huyu hajui kudanganya; sijui kamrithi nani. Akajibu kwamba hajawahi kuudaka huo mpira. Bahasha ikasukumwa pembeni. Ndipo Sekela akatoa mkobani daftari la presha yangu, akalieleza ukurasa kwa ukurasa.

Kapata nafasi. Kwa daftari. Tangu jana hajanisemesha. Dawa ananipa kwa wakati. Heri angefoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwita Gervas nimwambie yote. Kaja, kaketi, kauliza kuna nini. Nikamwomba anisaidie kuandika historia fupi ya marehemu, ile watakayoisoma kwenye mazishi yangu. Akacheka. Akasema yake aliiandika zamani, akaniletea niitazame kama mfano.

Imeandikwa vizuri mno. Madawati ya shule tatu, bila malipo. Yatima wawili aliowafundisha ufundi. Nimekata jina lake, nikaweka langu. Madawati nimeyaacha.

Sasa lile jambo. Wasifu wa mwaka 1971 ulikuwa wa Gervas. Nilimwomba niutazame kama mfano. Alifika ofisini saa moja baada yangu, na nakala yake mkononi, wakamwita mwizi. Yeye akasema waniulize mimi. Wakaja chumba cha pili kuniuliza kama namfahamu.

Nilisema simfahamu.