Twisheni ya Vitofali

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimewatangazia! Nilipewa dakika mbili kanisani kwetu huku ughaibuni niseme kuhusu masufuria ya kina mama yanayopotea. Nikayapitia mbio, nikafika kwenye la maana: binti yangu Dativa anasomea shahada ya pili, atakuwa mwanasaikolojia wa shule, na chuo kinataka apime akili ya mtoto mmoja kwa mazoezi. Asiwe ndugu. Mikono ya wazazi ikapanda. Mimi, niliyeishia darasa la saba, nachagua nani apimwe!

Nimemchagua Fiona, ana miaka saba, mchangamfu. Mtoto mwingine, Sydney, nimemruka makusudi. Mama yake ni nesi, Mkenya, na Krismasi aliniuliza mbele ya watu kama Dativa bado anasoma tu, ama kuna kazi itakuja siku moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kazini, ghalani kule Shakopee, miguu inawaka, nakuta begi la vipimo sebuleni. Lina magurudumu kama la rubani. Ndani kuna nini? Dativa kasema ni siri ya kazi, nisiguse. Nikauliza, Fiona akifaulu, yeye Dativa anapata ngapi. Kasema hakuna kufaulu. Anayepimwa ni yeye Dativa, kama anajua kupima, na yote yanarekodiwa kwenye video. Hata mzazi hapewi majibu.

Mtihani usio na matokeo! Sasa mtoto akishindwa mbele ya kamera, profesa atamsifu nani?

Dativa akaingia kuoga. Zipu ikafunguka, karibu yenyewe. Vitofali! Kijani na njano, na kadi za michoro, mtoto anavipanga kuiga mchoro. Nikajaribu mmoja. Nikashindwa. Nikajaribu tena. Kitu kitamu hiki.

Jumamosi, 8 Machi

Mtoto aingie kwenye mtihani bila twisheni? Kwetu nani amewahi kuona? Dativa yuko maktaba. Nimemwita Fiona hapa nyumbani, Apple Valley, nikakata vitofali vya sponji za kuoshea vyombo. Zile zile, kijani huku, njano kule. Andazi kwa kila mchoro. Wenzake wote wa shule ya Jumapili, isipokuwa Sydney, wakasikia habari za maandazi, wakaja na wazazi wao. Sikuwafukuza, nao nikawafundisha. Watakuwa wa akiba.

Fiona alianza kwa kulalamika kwa Kiingereza. Jioni anajenga amefumba macho.

Jumapili, 9 Machi

Kapimwa baada ya ibada, ofisini kwa mchungaji. Nilisimama mlangoni nikiwa na kiburi changu. Fiona alijenga kabla hajaonyeshwa mchoro. Kisha akauliza andazi lake liko wapi, na mbona vitofali hivi ni vigumu, vya Bibi ni laini. Kwenye video!

Dativa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinikalisha garini akanieleza polepole, kama mimi ndiye mwenye miaka saba. Kipimo kinataka mtoto ambaye hajawahi kuviona. Mtoto aliyefundishwa ataonekana hana shida, na kama anayo, atakosa msaada shuleni. Hilo lilinichoma. Video inatakiwa Ijumaa. Asipoipeleka, kozi imeanguka, mafunzo ya kazi hayaanzi Septemba, leseni inasogea mwaka mzima.

Akauliza nimefundisha wangapi. Nikasema wachache. Akauliza tena. Nikasema shule ya Jumapili.

Yote? Yote.

Jumatano, 12 Machi

Mtoto ambaye sijamgusa ni mmoja tu. Nikaenda kwa Mama Sydney na sufuria ya pilau.

Hakunikaribisha kiti. Aliuliza kama leo Sydney ametosha. Nikasema samahani. Akasema hakusikia, kuna gari limepita. Hakukuwa na gari. Nikasema samahani kwa sauti. Kisha nikamweleza yote, hadi sponji. Alicheka mpaka akashikilia friji! Akaniita mwalimu mkuu. Akasaini ruhusa. Pilau ikabaki, na sufuria ikabaki.

Ijumaa, 14 Machi

Sydney alipimwa jana. Alikuna kichwa, akakosea, akabomoa, akaanza upya. Nikasikitika. Dativa akatoka anang'aa, ndivyo inavyotakiwa! Video imepokelewa, profesa kasema safi. Septemba iko pale pale. Nimelia kidogo juu ya vitunguu. Dativa akanishika mikono, akauliza mama, sasa umeelewa? Nimeelewa mwanangu. Kila kitu.

Mama Sydney kapiga simu, anataka majibu. Nikamwambia, kwa sauti ya kitaalamu, wazazi hawapewi. Akasema basi nimwambie tu kama Sydney alikuwa wa kwanza. Nikasema wa kwanza kabisa. Si uongo, aliyehesabiwa ni yeye peke yake.

Tukaongea sana. Kumbe ni mtu mzuri! Nikamdokeza kuwa muhula ujao Dativa anapima kumbukumbu. Picha zinaonyeshwa, kisha zinafunikwa, mtoto anazitaja. Ilimtoka Dativa mwenyewe wakati wa chakula, sikuchokonoa. Sana.

Mama Sydney ana karata za picha nyumbani. Maandazi juu yangu. Twisheni inaanza kesho saa nne asubuhi, kwake, na safari hii Sydney atakaa mbele. Sufuria yangu nitaichukua hapo hapo.